Kiti cha Neville Wetu

Gazeti la mji wetu wa Keighley, kaskazini mwa Uingereza, liliandika kwamba mdogo wangu, Neville Sugden, alikufa akiwa mwenye furaha, karibu na rafiki zake, akifanya kazi aliyoipenda tangu ujana. Aliyeandika ni kijana mwenye adabu. Alikuja nyumbani, akanywa chai, akala na kipande cha keki. Simlaumu, maana aliandika aliyoambiwa na Clive, mwenzake wa bendi. Mimi siku ile sikumwambia kitu kwa sababu sauti haikutoka. Sasa imetoka, na Mungu akinisaidia nitayasema niliyoyaona, kwa ajili ya watu wa kanisani kwetu na kwa yeyote aliyewahi kuipenda bendi ya Slack Lane.

Slack Lane ni jina la mtaa wetu, nao waliipa bendi jina hilo kwa kukosa lingine. Walikuwa watatu tu. Clive Holroyd aliimba na kupiga gita la besi, Barry Ogden alipiga gita, na Neville alikaa nyuma yao kwenye ngoma. Wengi wanamkumbuka Clive. Mdogo wangu hakujali hilo hata kidogo. Hakutaka mali, wala picha yake ukutani kwa watu. Kwa zaidi ya miaka thelathini baada ya bendi kuvunjika alitaka jambo moja, apige tena pamoja na wale wawili, asikike yeye na wao kwa pamoja. Nililijua jambo hilo kama ninavyoujua mlango wa nyumba yetu, nami nililiombea kila siku.

Ngoma alijifunza kanisani. Zamani, kila Jumatatu ya Pentekoste, makanisa ya kwetu yaliandamana barabarani, bendera mbele, tarumbeta zikifuata, watoto wamevalishwa nguo mpya hata kama mvua inanyesha, na kwa kawaida ilinyesha. Njia yetu ilipanda kilima kirefu. Watoto walichoka na vikongwe walibaki nyuma, na aliyebeba ngoma kubwa ndiye aliyeshika mwendo wa wote. Baba yetu alikuwa kiongozi wa bendi ya kanisa. Alimkabidhi Neville ngoma ile kabla hata hajaota ndevu, akamwambia, "Usiwapigie wenye tarumbeta. Hao wana miguu mizuri. Mpigie Bibi Clegg."

"Bibi Clegg yuko nyuma kabisa, baba."

"Ndiyo maana nakwambia umpigie yeye."

Ndivyo Neville alivyozoea kuchelewesha pigo, kidogo sana, kama mtu anayeshikilia mlango ili mwenzake apite. Hakuiacha tabia hiyo maisha yake yote. Baadaye watu wa London waliandika kurasa nzima juu ya ngoma za Slack Lane, wakasema zina uzito, zina huzuni, zinamvuta mtu asitake wimbo uishe. Sisi wa Keighley tulijua kwamba zinamsubiri Bibi Clegg.

Clive alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Barry alifanya kazi na Neville kwenye kiwanda cha sufu. Walifanya mazoezi kwenye chumba cha makaa nyuma ya duka la babake Barry, wakatoka humo weusi usoni, na mama akawakataza kukalia viti vyake. Walianza kupiga kwenye klabu za wafanyakazi, mahali ambapo watu huja na wake zao Jumamosi kunywa bia na kucheza bingo, mchezo wa kubahatisha namba, na bendi ni kitu cha kujaza nafasi katikati. Mwenye amri huko ni katibu wa burudani. Wa klabu ya mtaani kwetu aliitwa Bwana Tordoff, mfupi, mwenye koti la kitambaa kizito kiangazi na masika.

Mara ya kwanza walipopiga pale nilikuwa nimekaa na mama. Clive alikuwa katikati ya wimbo, amefumba macho, jasho linamtoka. Bwana Tordoff akapanda jukwaani, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Jamani, tulieni. Tulieni kidogo. Pai zimefika."

Watu wote wakainuka wakaenda kupanga mstari.

"Bwana Tordoff," Clive akasema, "tulikuwa katikati ya wimbo!"

"Nimesikia, kijana wangu. Ndiyo maana niliwaonea watu huruma."

"Sisi ni wasanii, bwana!"

"Na wale pale ni watu wenye njaa. Halafu punguzeni kelele. Kuna mama pale mezani alikosa namba yake ya bingo kwa ajili yenu."

Neville akainua kichwa nyuma ya ngoma. "Hakuna neno, Bwana Tordoff. Tutangoja mpaka pai ziishe."

"Huyu wa ngoma ana akili," akasema yule mzee. "Nyie wawili tafuteni kazi."

Tulicheka wiki nzima. Hata Clive alicheka, baada ya siku chache.

Haikuchukua muda mrefu. Mtu mmoja wa Manchester aliyekuwa na kampuni ndogo ya santuri aliwasikia, akawarekodi, na wimbo wao wa pili ulipigwa kwenye redio mpaka wauza maziwa wakawa wanaupiga mluzi. Walipoonekana kwenye televisheni mara ya kwanza mama aliwaita majirani wote, akapanga viti kama kanisani. Kamera ilimwonyesha Clive. Ikamwonyesha Clive tena. Kisha Barry. Kisha kwa kufumba na kufumbua ukaonekana mkono wenye fimbo ya ngoma.

"Ule!" mama akapiga kelele. "Ule ni mkono wa Neville wetu! Mmeuona?"

"Tumeuona, Mama Sugden," akasema jirani yetu Rawnsley. "Mkono mzuri. Umefanana na wewe."

Wakaenda Ujerumani, wakaenda Amerika, wakajaza kumbi ambazo Keighley nzima ingeingia ndani na nafasi ikabaki. Neville alirudi kila Krismasi, akavaa aproni, akamenya viazi. Nilimuuliza siku moja kama hachoki na makelele yale yote. Akasema, "Winnie, kuna wakati Clive anakuja nyuma na Barry anakuja nyuma, wote wanageuka wananitazama, na tunapiga watatu kama mtu mmoja anayepumua. Hapo sihitaji kitu kingine." Nilidhani anaongea kama vijana wanavyoongea. Sikujua kwamba ananieleza maisha yake yote.

Kilichowavunja ni ugomvi wa Clive na Barry. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao kila mmoja alisema ameutunga yeye, na Neville, aliyekuwapo ulipotungwa, alisema kwa ukweli kabisa kwamba hakumbuki. Wakaacha kusemezana. Walisafiri kwenye gari moja, Neville amekaa katikati, kama mtoto wa wazazi walionuniana. Alinisimulia mwenyewe.

"Neville, mwambie Barry jana alipiga gita kama mtu anayekwangua sufuria."

"Barry, Clive anasema—"

"Nimesikia. Mwambie afadhali sufuria. Yeye aliimba kama paka aliyebanwa na mlango."

"Clive, Barry anasema—"

"Mimi nina masikio!"

"Basi kama wote mna masikio, mimi nalala," Neville akasema, lakini hakulala.

Siku ya mwisho walisimama kwenye mgahawa wa kando ya barabara kuu, kusini ya Birmingham, mahali ambapo bendi zote za enzi zile zilisimama kula mayai na chipsi. Neville aliagiza sahani tatu. Clive alisema anakwenda msalani. Hakurudi. Gari la meneja wao lilikuwa likimngoja nje upande wa pili. Barry alikula chakula chake chote, akafuta mdomo, akasema, "Basi imekwisha, mzee," akaenda kuomba lifti kwa dereva wa lori. Neville akabaki. Alichukua sahani yake tupu akaifunika nayo ya Clive, chakula kisipoe. Alikaa pale mpaka mhudumu alipoanza kufuta meza, kisha akaendesha gari peke yake mpaka nyumbani, ngoma zikigongana nyuma.

Alipoingia mlangoni mama alimuuliza wenzake wako wapi. "Wamepumzika kidogo," akasema.

Wakapumzika miaka ile yote niliyoitaja. Clive alienda kuimba peke yake, akanenepa, akahamia kusini. Barry alifungua duka la magita huko Harrogate. Neville alipata kazi kwenye ghala la mazulia, akabeba mazulia mpaka mabega yakampinda. Mama alipofariki tulibaki sisi wawili kwenye nyumba ileile. Alikuwa na mchumba, Sheila, mwanamke mwema, aliyemsubiri muda mrefu. Mwishowe Sheila alisema, "Neville, mimi sitaki kuolewa na mtu anayesikilizia simu ya Clive ilie," akaolewa na fundi bomba. Mdogo wangu hakumlaumu.

Bendi nyingine zilimtaka, si moja. Klabu zilimtaka. Alijibu vilevile kila mara, kwa upole, kama mtu mwenye mke. "Asante, lakini mimi nina bendi." Kila siku baada ya chai ya jioni alishuka chumba cha chini, akatandaza vitambaa juu ya ngoma ili asimsumbue Rawnsley, akapiga nyimbo zote za Slack Lane kwa mpangilio. Rawnsley aligonga ukuta hata hivyo. "Sugden! Wimbo wa nne umeukimbiza leo!" Neville akacheka, akaurudia. Kila Krismasi aliwapelekea Clive na Barry kadi. Barry alijibu. Clive hakujibu.

Mapafu yakaanza kumsumbua, kisha moyo. Daktari alimkataza kubeba mizigo. Alistaafu ghalani, akaanza kupanda ngazi zetu kwa vituo, lakini kushuka kwenye ngoma hakuacha. Nilimwambia, "Utakufa juu ya ngoma hizo." Akasema, "Bado. Clive na Barry wakija kuniita wakanikuta nimekufa itakuwaje?"

Halafu kampuni ya bia ikachukua wimbo wa Slack Lane kwa tangazo lake. Vijana ambao hata hawakuwa wamezaliwa wakaanza kuuimba mitaani. Wiki chache baadaye simu ikalia tukiwa tunakula. Neville alipokea, nami niliisikia sauti ya Clive ikitoka kubwa kwenye simu.

"Neville, mzee! Bado unapumua?"

"Kwa shida, lakini napumua."

"Bado unapiga?"

"Kila siku baada ya chai."

"Barry amekubali. Tunarudi. Kumbi kubwa, nchi nzima. Tunaanza Bradford, karibu na nyumbani, ili watu wa kwetu wapate nafasi. Upo?"

Mdogo wangu akasema, "Nipo." Akakata simu, akageukia ukuta. "Winnie," akasema bila kugeuka, "wananitaka." Jumapili ile nilisimama kanisani mbele ya watu nikatoa shukrani. Edna, rafiki yangu, alilia. Mchungaji akasema Mungu hachelewi. Niliyaamini maneno hayo kwa moyo wangu wote.

Mazoezi yalifanyika Leeds, kwenye jengo lililokuwa kiwanda. Gari lilikuja kumchukua. Siku ya kwanza alirudi anang'aa kama mvulana.

"Mambo yamebadilika, dada! Ngoma zangu ni za kisasa. Hazina ngozi, zina wavu. Ukizipiga hazilii, zinaita mashine, na mashine ndiyo inayotoa sauti. Halafu kila mtu ana kidude cha kuziba masikio, humo ndimo unamowasikia wenzako. Sauti safi kabisa!"

"Na wewe unajisikia?"

"Ninajisikia kuliko zamani. Kuna kijana anaitwa Darren, mpigaji wa kukodi, yuko pembeni yangu na ngoma zake. Clive anasema atanipokea nikichoka. Kwa sababu ya moyo, unajua."

"Na za huyo Darren ni za wavu pia?"

"La, maskini. Zake ni za kawaida tu," akasema kwa fahari. "Za kisasa wamenipa mimi."

Huyo Darren aliyemwita kijana alikuwa na mvi kichwani, lakini kwa Neville kila aliyezaliwa baada ya santuri yao ya kwanza alikuwa kijana.

Siku ya Bradford nilikaa safu ya mbele na Edna, nimevaa koti langu la kanisani. Taa zilizimika, ukumbi ukanguruma, kisha wakaonekana. Clive katikati. Barry kushoto. Nyuma yao, juu ya jukwaa dogo lililoinuliwa, ngoma za namna mbili, na taa kubwa zaidi ikimwangaza Neville wetu. Watu waliita jina lake. Sikuwa nimewahi kusikia watu wakiliita jina lake. Nilimshukuru Mungu papo hapo, kabla hata ya wimbo.

Wakaanza kupiga, na kabla ya ubeti wa kwanza kuisha nikaanza kuhisi baridi.

Edna alinishika mkono. "Anapiga vizuri mno! Sikiliza!"

Nilikuwa nasikiliza. Nilimwona Neville akiinua mikono, akiishusha mahali pake pa siku zote, ule uchelewaji mdogo, bega likitangulia. Lakini sauti iliyotoka kwenye spika ilikuja kabla ya mkono wake kufika. Ilikuwa sawasawa kama saa ya ukutani. Haikumsubiri mtu yeyote. Nimelala juu ya chumba kile cha ngoma karibu maisha yangu yote, najua mdogo wangu anavyopiga kama ninavyojua kikohozi chake. Ile haikuwa sauti yake. Nilimtazama Darren pembeni, na mikono yake ilikwenda pamoja na sauti.

Nikaomba. Sikuomba jambo kubwa. Niliomba tu Neville asijue.

Wimbo wa nne ni ule wa polepole, ambao zamani Clive na Barry walirudi nyuma kumtazama. Walirudi. Wakasimama wakimtazama, wote watatu karibu, ukumbi ukapiga kelele. Neville alikuwa akitabasamu, machozi yanamtiririka. Na hapo akafanya jambo ambalo kila mpigaji wa zamani wa klabu angelifanya, maana wao walizoea kuupima ukumbi kwa masikio yao wenyewe. Alitaka kuusikia ukumbi. Akakivuta kile kidude kikatoka sikioni.

Nilimwona uso. Aliendelea kupiga mapigo machache, polepole, akiinama kuzisikiliza ngoma zake, kama mtu anayegonga mlango na kutega sikio. Hazikutoa kitu zaidi ya sauti ya mto wa kulalia ukipigwa kwa vidole. Akainua fimbo zote mbili juu, akaziacha pale hewani.

Wimbo ukaendelea. Hakikupungua chochote.

Akamtazama Darren. Darren akatazama chini. Clive, akiwa amewapa watu mgongo, alimfanyia ishara kwa kichwa, haraka, endelea. Neville akakirudisha kile kidude sikioni, akashusha mikono, akaendelea mpaka wimbo wa mwisho. Walipoinama mbele ya watu alikuwa katikati yao, wamemshika mabega.

Edna alisema, "Mwenzangu, mbona unalia? Hii ni siku ya furaha!"

Nilimkuta kwenye korido nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya sanduku na taulo shingoni, kikombe cha chai mkononi. Nilikaa karibu naye. Watu walipita wakimpigapiga mgongoni, hongera mzee, hongera sana.

Walipopita wote akasema, "Ulisikiaje?"

Nikafungua mdomo.

"Hapana," akasema. "Usinijibu, Winnie. Wewe hujui kusema uongo, na mimi sitaki kusikia kweli."

Tulirudi nyumbani. Kesho yake nilimpelekea chai kitandani, nikamsihi aache. Nilimwambia wamemweka kama sanamu kwenye dirisha la duka. Nilimwambia Mungu hakumpa mikono ile afanye maigizo.

"Nimekingoja kile kiti tangu nikiwa na nywele nyeusi," akasema. "Nikikiacha nitaenda wapi? Nitashuka chini nipige na nani?"

"Lakini hawakusikii, Neville."

"Barry yuko pale karibu. Nikipiga kwa nguvu, labda yeye anasikia kidogo."

Akaenda. Newcastle, Glasgow, Liverpool. Alirudi nyumbani siku za mapumziko, kila mara amekonda zaidi, viganja vimechubuka mpaka nikavifunga kwa bendeji. Nilimuuliza kwa nini anapiga hivyo ngoma zisizolia, mtu mwenye moyo mbovu. Alinijibu safari ya mwisho aliyokuja.

"Nilimuuliza Darren," akasema. "Ni mtu mzuri, hakunificha. Nikamwambia, ukumbini sisikiki, hilo najua. Lakini Barry ananisikia? Akasema hapana. Barry na Clive wanamsikia yeye. Mimi nimewekwa kwenye kidude cha sikio langu tu." Alitazama bendeji zake. "Watu maelfu, Winnie. Na anayenisikia ni mimi peke yangu. Sina tofauti na pale chini kwenye vitambaa. Hapana, tofauti ipo. Pale chini Rawnsley alikuwa ananisikia."

Nilipiga magoti pale pale kando ya kiti chake, nikamwomba Mungu kwa sauti amtoe mdogo wangu kwenye jambo lile. Neville aliweka mkono kichwani kwangu, akaniacha nimalize, akasema amina. Asubuhi gari likaja, akapanda. Nilisimama mlangoni. Hakugeuka.

Alikufa Nottingham, kwenye chumba cha hoteli, alfajiri. Barry alimkuta. Clive ndiye aliyenipigia simu, analia kweli, siwezi kusema alijifanya. Alinieleza jinsi alivyompenda. Kisha akasema wamezungumza na wenye ukumbi, tiketi zimekwisha kuuzwa, na Neville mwenyewe asingependa watu warudishwe. Waliomba ruhusa yangu wapige siku ile ile kwa heshima yake. Wataziacha ngoma zake mahali pake, zenye taa na maua, bila mtu.

"Na nani atapiga?" nikauliza.

"Darren," akasema. "Darren atapiga kama kawaida."

Neno hilo, kama kawaida, lilimtoka kabla hajalipima. Nikaweka simu chini.

Walipiga. Gazeti moja liliandika kwamba bendi haijawahi kuwa imara kama siku ile, na ngoma hasa zilikuwa za kutisha. Hakuna aliyetambua kwamba pana kilichopungua, kwa sababu hakikupungua kitu.

Tulimzika kwa ibada ndogo, kanisani kwetu. Clive alisimama akasema Neville alikuwa moyo wa Slack Lane. Watu waliitikia kwa vichwa. Baadaye, tukinywa chai kwenye ukumbi wa kanisa, Barry alinifuata kwenye kona, mzee amekunjamana, sahani ya sandwichi mkononi.

"Daktari wa kampuni ya bima alimkataza kupiga, kwa sababu ya moyo, Winnie," akasema. "Ilikuwa ama vile, ama asiwepo kabisa. Sisi tulitaka awe nasi."

"Hakuwa nanyi, Barry."

"Alikuwa pale. Nilimwona kila siku."

"Ulimwona," nikasema. "Mdogo wangu hakutaka kuonwa."

Akaenda kuchukua koti lake.

Mchungaji huja kila wiki. Ananiambia nisamehe, kwamba waliyofanya waliyafanya kwa upendo, na pengine ni kweli. Najua ninalopaswa kufanya. Sijafundishwa dini jana. Kila jioni napiga magoti, naanza vizuri, nawataja wagonjwa wa kanisa, namtaja Edna, namtaja hata Darren. Halafu nafika kwenye jina la Clive, na nyumba iko kimya kuanzia juu mpaka chini, na ninaona kwamba niliomba miaka yote ile mdogo wangu aitwe na wale wawili, naye akaitwa. Siendelei. Nashika ukingo wa kitanda, nainuka, nazima taa.